Ulimi Aingia Nyumba ya Haki

Ulimi aliingia kwenye lile jengo kuchaji simu tu. Haki ya Mungu, hakuwa na nia mbaya, na anayebisha anyamaze kwanza nimalize. Lakini macho ya mtoto wa mjini hayaendi likizo. Juu ya soketi palikuwa na kibao kipya: mashirika matano ya haki za binadamu, yaliyokuwa yametawanyika mji mzima, sasa yamehamia chini ya paa moja. Wafungwa, ghorofa ya kwanza. Waliofukuzwa kwenye ardhi yao, ya pili. Waandishi wanaotishwa, ya tatu. Wafanyakazi wa viwandani, ya nne. Wanawake, ya tano.

"Matano, ngazi moja!" akanong'ona, akachomoa chaja.

Wiki iliyofuata hakuna binadamu aliyeteseka kama Ulimi. Jumatatu alipigwa gerezani. Jumanne shamba lake lilichukuliwa na tajiri. Jumatano aliandika makala akatishiwa maisha, na Alhamisi mashine ya kiwandani ikamsaga mguu. Ghorofa ya tano aliiruka, ingawa si kwamba hakuifikiria.

Alichokuwa anakiwinda kilikuwa kikubwa: nafasi ya hifadhi nje ya nchi, tiketi ya ndege juu, nyumba yenye maji ya moto. Tangu yaungane, mashirika yote matano yalikuwa na nafasi moja tu, na wa kuipata angechaguliwa Ijumaa kwenye kikao cha pamoja. Ulimi alipiga hesabu: akiwa mteja wa manne kati ya matano, atashindwaje?

Nao wangemgunduaje? Pale siri ya mteja ni kiapo. Hatajwi jina hata jikoni, ni namba tu. Mabosi wanne walisimama kwenye birika moja la chai, wakipeana pole kwa ajili ya watu wanne, na wote walikuwa Ulimi.

Ijumaa asubuhi aliketi mapokezi kwenye kiti cha plastiki, uso umemnyong'onyea kitaalamu. Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja, fundi cherehani, amekumbatia mkoba.

"Na wewe dada, unasubiri nini?" Ulimi akauliza, kwa upole wa shemeji anayetaka kukopa.

"Hiyo nafasi. Mimi ni shahidi wa kesi ya nyumba zetu zilizobomolewa. Wamechoma cherehani yangu. Wamesema nikifika mahakamani watanichoma na mimi. Naogopa, kaka. Nikibaki hapa mwezi huu, siumalizi."

Kitu kikamchoma Ulimi moyoni. Akakohoa, kikatoka.

"Mungu ni mwema," akasema. "Mwakani watatoa nyingine."

Dada wa mapokezi aliyasikia hayo akiwa anapanga vikombe kwenye sinia. Alikuwa amemtazama huyu bwana akipanda na kushuka wiki nzima.

"Kaka, mguu unaouma leo ni upi?"

"Wa kushoto, dada yangu."

"Jumanne ulikuwa wa kulia."

"Maumivu yanahama," Ulimi akajibu bila kupepesa. "Daktari mwenyewe ameshangaa."

Dada akamimina chai vikombeni. Alibeba sinia lake akapanda kwenye kikao.

Huko juu moto ulikuwa unawaka. "Wangu amepigwa hadi anachechemea!" alisema bosi wa wafungwa. "Wangu pia anachechemea, na hana shamba!" akafoka wa ardhi. Wa waandishi alikuwa anafuta machozi, wa viwandani anagonga meza. Bosi wa wanawake, aliyemtetea fundi cherehani, hakupata hata upenyo wa kumaliza sentensi.

Dada akaweka vikombe mezani. "Samahani, wakubwa zangu. Jina la mteja sitaji, nimeapa. Ila wateja wenu wanne wapo pale chini, na wamekaa kwenye kiti kimoja."

Walishuka wote kwa mpigo. Kila bosi akamnyooshea Ulimi kidole: "Ndiye wangu!" Kisha wakatazamana, na vidole vikaanza kushuka kimoja kimoja. Palepale nafasi ilikwenda kwa fundi cherehani. Mama wa watu alilia hadi dada wa mapokezi akamshika asianguke.

Ulimi hata jasho hakutoa. "Kama nimekosa, niitieni polisi," akasema kwa madaha. Askari wa kituo cha jirani aliwafahamu vizuri. Kila akikamatwa huitwa pembeni, wanaongea kiutu uzima, na kabla ya chakula cha mchana yuko mtaani.

Polisi walikuja. Kituoni, sajenti mmoja akamkonyeza. "Bwana Ulimi, hebu njoo huku pembeni."

"Pembeni wapi?" Sauti zilikuwa nne. Mabosi walikuwa wamemfuata, kila mmoja na mwanasheria wake. Hasira walikuwa nazo, lakini kazi ni kazi. "Mtuhumiwa hahojiwi bila wakili," alisema bosi wa wafungwa, akivuta kiti karibu kabisa. "Kila neno liandikwe. Tutakaa naye mpaka afikishwe mahakamani."

Sajenti akarudi kwenye kaunta, akachukua kalamu, akaanza kuandika kwa mwandiko mzuri.

"Jamani, mnaninyima haki yangu!" Ulimi akapiga kelele.

Wanasheria wanne wakafungua madaftari kwa pamoja. "Ipi? Itaje, tuidai sasa hivi."

Ulimi akafungua mdomo, akawatazama, akaufunga.