Nafasi Moja ya Kwenda Kalemie

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke Kalemie. Mgongo umekwisha kwa mifuko ya simenti. Mama alikufa Machi. Matanga hayajafungwa, wananingoja mimi, mtoto wa kwanza. Siku ya kuyafunga ni Jumapili hii. Nauli sina, lakini kila boti huchukua mbebaji mmoja bure, akapakue kule. Tuko kumi na wanane hapa bandarini Uvira, ugomvi kila safari. Nina mpango! Programu ya simu: wa kwanza kubonyeza, nafasi yake. Wenzangu wamekubali. Mtengenezaji nikiwa mimi, nitakosaje?

Jumatano, 5 Juni
Mwalimu Ildephonse, anayetufundisha kompyuta mtaani Rugenge, ameitazama akaguna. Anasema simu mbili zikiuliza pamoja, zote zitakuta nafasi tupu kabla yoyote haijaandika jina. Niweke kufuli: mmoja aingie, afunge, aandike, afungue; wengine wangoje. Kungoja! Nimejaribu, skrini ikaganda. Nimeliondoa. Yeye hajabeba hata mfuko mmoja, anajua nini juu ya haraka?

Ijumaa, 7 Juni
Boti imeita saa nne. Nikabonyeza. Nafasi ni yako! Nimelia mbele za watu. Nikavaa shati la kanisani, nikateremka. Juu ya magunia yuko Jeancy, adui yangu wa kila zamu, anakula ndizi. Simu yake nayo: nafasi ni yako. Kapiteni akauliza ni mjinga gani alitengeneza kitu hiki. Jeancy akaninyooshea ganda: "Njo yeye, papa! Enjenieri!" Kapiteni akasema aliyekaa amekaa. Shati bado safi.

Jumapili, 9 Juni
Dada Generose amepiga simu. Wamengoja mpaka chakula kikapoa. Matanga yamefungwa. Mdogo wangu Luc amekaa kwenye kiti changu. Jeancy alifika na salamu ambazo sikumpa, akapasua kuni. Generose akauliza kama bado nipo. Nikasema nipo.

Jumatano, 12 Juni
Nimeweka kufuli. Jana boti nyingine iliita. Nikaingia, nikafunga, nikaandika jina. Amri ya kufungua nilisahau kuiandika. Simu zote zikaganda, yangu pia. Boti imekwenda bila mbebaji. Watu kumi na sita wananitafuta. Naandika nyuma ya mifuko. Mwalimu anasema nimwombe kapiteni kwa mdomo tu. Kwa mdomo! Kama mtu asiyesoma! Hapana. Nitaweka makufuli mawili. Ijumaa, tarehe 21, niko Kalemie. Luc aanze kutoka kwenye kiti.