Kumbukumbu ya Nje

Jumatatu, 3 Machi

Wateja wawili tu leo. Mmoja alikuja kuuliza njia.

Wengine wote wako ng'ambo ya barabara kwa Bwana Kiyoyozi. Zamani tulinyoa pamoja, duka moja. Tulipogombana tukagawana vitu: yeye akachukua viti, mimi nikachukua kioo na mashine ya gemu. Nilidhani nimemweza. Kinyozi bila kioo! Akanunua kingine siku hiyo hiyo. Sasa kaweka kiyoyozi, na tangu Ijumaa ana gemu mpya ya mpira, ya msimu huu. Watu wanaenda kucheza, na wakishacheza wanaona aibu kutoka bila kunyolewa. Nimemwona mmoja akiingia mara mbili. Ana upara!

Haiwezekani. Nimenunua gemu hiyo hiyo mchana huu. Nimebandika tangazo mlangoni: JUMAMOSI, UBINGWA WA MTAA, HAPA, CHINI YA FENI. Halafu nikaiwasha mashine niiweke gemu ndani. Ikakataa. Imejaa.

Jumanne, 4 Machi

Fundi simu wa chumba cha pili amekuja kuangalia. Akasema dawa ni rahisi, nifute gemu za zamani, ziko kumi na moja na hakuna anayezicheza. Nikamwambia nazicheza mimi. Katika ile ya kuvua samaki mimi ni bingwa, siwezi kufuta historia yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Akashusha pumzi. Akasema basi nitafute kumbukumbu ya nje. Ni diski, ukubwa wa kipande cha sabuni, unaichomeka kwa nyuma. Gemu za zamani zinahamia huko, mpya inakaa ndani.

Kumbukumbu ya nje. Naliandika neno lenyewe hapa lisinitoke.

Nyumbani hakuna anayejali ubingwa. Mawazo yote ya mke wangu ni Jumapili, mama yake anakuja. Mama mkwe amempigia simu kusema sauti ya marehemu baba mkwe imeanza kumpotea. Akijaribu kuikumbuka anasikia ya jirani. Kwa hiyo anataka kuangalia video ya harusi yetu, pale mzee alipotoa hotuba. Naikumbuka vizuri hotuba hiyo! Dakika kumi na nane. Kumi na saba alizitumia kuwaonya wageni juu yangu. Mke wangu akasema video anayo, iko moja tu, ameihifadhi mahali salama. Nikasema vizuri sana. Nilikuwa nawaza diski.

Jumatano, 5 Machi

Wapo wanaosema sina bahati. Waje wasome hapa!

Asubuhi nilikuwa natafuta soksi kwenye droo ya cherehani ya mke wangu. Kwa nini soksi ziwe huko ni swali la siku nyingine. Mkono ukagusa kitu. Kiboksi cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kina waya. Juu yake utepe mweupe na mwandiko wa mke wangu, herufi kubwa: KUMBUKUMBU.

Nilikaa kitandani kwanza. Nimezunguka maduka ya mtaa mzima, kumbe ninayo ndani ya nyumba, na imeandikwa jina lake kama kopo la chumvi! Nilioa mwanamke mwenye mpango. Sikumwuliza. Alikuwa anampima mteja kiuno, na mimi si mtu wa kusumbua watu kazini.

Dukani nikaichomeka. Mashine ikaniuliza kitu kirefu kwa Kiingereza. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, kwa herufi nyekundu. Ndiyo. Ikauliza mara ya tatu. Ina adabu kuliko watu wa mtaa huu. Ndiyo! Dakika moja tu, ikasema tayari. Gemu kumi na moja zikahamia nje, ile mpya ikaingia ndani, inang'aa. Nikatoka nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka Bwana Kiyoyozi akaniona. Akanipungia mkono. Anajifanya hajali.

Alhamisi, 6 Machi

Wakati wa chai mke wangu ameuliza kama nimeiona diski yake, ile aliyoweka kumbukumbu za harusi.

Kumbukumbu. Za harusi.

Chai ilinipalia. Akanipiga mgongoni, maskini, hajui anampiga nani. Nilipopata pumzi nikasema nimeipeleka kusafishwa. Sikudanganya! Imesafishwa, haikubaki hata chembe. Akafurahi kwamba kwa mara ya kwanza nimefikiria jambo la mama yake. Akaniomba nisichelewe nayo.

Kosa ni la nani? La lugha. Neno moja haliwezi kuwa kifaa na wakati huo huo likawa marehemu. Mtu akiweka harusi aandike HARUSI.

Nikakimbia kwa fundi simu. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akauliza kama baada ya kufuta niliweka kitu kingine juu yake. Nikasema gemu kumi na moja. Akavua miwani. Amechimba kutwa nzima na alichotoa ni nusu ya picha ya keki. Nikamwuliza kama keki hiyo haina sauti yoyote. Akavaa tena miwani, akanirudishia diski.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango wa kwanza: kuiga. Baba mkwe nilimfahamu miaka sita, na kila sentensi aliianza kwa kikohozi. Nikajifungia stoo ya dukani, nikarekodi hotuba nzima kwenye simu, pamoja na kujitukana mwenyewe. Nikamsikilizisha fundi simu. Akasema anamsikia mbuzi aliyemeza redio. Lakini kwenye matusi alikiri nimejitahidi.

Mpango wa pili ni mbaya zaidi, na ndio pekee uliobaki. Fundi simu ndiye aliyenikumbusha. Siku ya harusi, mpambe wangu alirekodi hotuba yote kwa simu yake, huku akicheka mpaka akakaa chini. Mpambe wangu alikuwa Bwana Kiyoyozi.

Sivuki barabara. Nimekula yamini. Heri nife na tai shingoni.

Alasiri mama mkwe amenipigia. Hakuwa na swali. Alitaka tu nijue kwamba ameshaifua na kuipiga pasi ile nguo aliyovaa siku ya harusi yetu. Anataka amsikilize mzee akiwa amependeza. Nikasema ndiyo, mama. Nikakata simu, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nilijiona mtu mdogo sana. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Si kwamba nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevuka.

Hotuba anayo. Anasema huisikiliza kila akichoka na maisha, inamrudisha. Nilimwambia anipe, mama wa watu anaiomba. Akasema atanipa bure, ila kwa sharti moja. Nikae kwenye kiti chake aninyoe. Sasa hivi. Mlango wazi. Na nje, watu wote waliokuja kwa ajili ya ubingwa wangu wamejaa barabarani! Nikamwambia anautumia vibaya msiba wa familia. Akakikung'uta kitambaa, akakitandaza kitini.

Nikapiga moyo konde, nikakaa. Mtaa mzima ulisimama kutazama kinyozi akinyolewa na mpinzani wake. Wengine walipiga picha. Yule mwenye upara akapiga makofi. Mimi nilikaa wima na kumkosoa kila hatua: kisogo kinakwenda kushoto, mashine inavuta, kitambaa kina unyevu. Kiyoyozi nacho kikanipuliza utosini muda wote. Kinapoza, sikatai. Friji nayo inapoza.

Ananyoa vizuri. Sitaiandika tena sentensi hiyo.

Nilipata hotuba kwenye simu yangu. Ubingwa haukufanyika. Nilipofungua duka langu, watu walikuwa wameshaingia kwake kuulizia nani atafuata kitini.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alikaa mbele ya televisheni na ile nguo yake, mke wangu kamshika mkono. Mzee akakohoa. Mama mkwe akafumba macho.

Mzee akaanza. Akasema bwana harusi ana mipango kumi na akili moja, na hiyo moja ameiazima. Hapo mama mkwe akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Akaomba tena. Mara nne! Mara ya nne alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anasema ndiye huyo, ndiye huyo huyo. Kutukanwa mara nne mfululizo, na nikatamani iwe mara ya tano.

Ila mke wangu ana macho. Aliona picha inatikisika. Alimsikia mtu anacheka nyuma ya kamera, na kicheko hicho anakijua. Kisha akakitazama kichwa changu kwa makini, akaona kimenyolewa na mkono usio wangu. Ikabidi nieleze yote. Nilieleza vizuri, nikianzia kwenye tatizo la lugha. Nadhani hapo ndipo nilipoharibu. Naandikia sebuleni, ambako nimeambiwa nitaishi kwa sasa.

Jumanne, 11 Machi

Wanadhani nimekoma. Mimi!

Bwana Kiyoyozi ameleta gemu ya mbio za magari. Nami nimeileta. Mashine imekataa. Mke wangu ameichukua diski yake, na gemu ya mpira imekula nafasi yote ya ndani. Fundi simu anasema niifute. Kufuta tena? Mtu huyu hana wazo lingine.

Mama mkwe anasafiri kesho. Ametoka na mke wangu kununua vitambaa, na simu yake ameiacha dukani ichaji. Fundi simu ameitoa hotuba kwenye simu yangu akaihamishia humo, sauti tupu, aisikilize popote alipo. Nimefungua simu kwa nyuma, kutazama tu. Ina kadi, ndogo kama ukucha, lakini nafasi yake ni uwanja! Na ndani mna kitu kimoja. Sauti moja, dakika kumi na nane, imejilaza peke yake kwenye nafasi yote hiyo. Huo ni upotevu, na mimi sipendi upotevu.

Safari hii nimetumia busara. Niliomba ruhusa kwanza. Kabla hajatoka nilimwuliza mama mkwe kama naweza kuitumia simu yake kidogo. Akasema tumia tu, mwanangu. Mashahidi wapo.

Naenda kuazima kifaa cha kuchomekea kadi. Hotuba haina wasiwasi. Bwana Kiyoyozi anayo nyingine, na nywele zangu zinaota haraka.