Wagdi Wangu Ukutani

Jumamosi, 8 Julai

Wagdi wangu ameacha mpira! Miaka kumi na minne kiungo wa kati, sasa basi. Alhamisi anarudi nyumbani. Nimelia, nimekaanga mbilingani, nimelia tena.

Inshirah, jirani wa juu, kauliza eti mwanangu alifunga mabao mangapi vile. Matatu. Nikasema thelathini. Kiungo kazi yake pasi, lakini mtaa huu unamjua mfungaji tu. Mwaka jana alipokuja, aliyetoka kumlaki ni paka. Safari hii watajaa mlangoni. Nina mpango!

Jumapili, 9 Julai

Nimemwita Fundi Bayoumi, yule anayechora safari ya hija kwenye kuta za nyumba za mahujaji wakikaribia kurudi. Nikamwambia anichoree Wagdi, mkubwa, na umati wa watu. Akasema nisimfundishe kazi, kachora nyumba mia mbili. Nikaenda kulala kwa dada ili nikirudi nishangae. Akili hiyo!

Jumatatu, 10 Julai

Nimeshangaa. Ndege. Ngamia. Kaaba. Na Wagdi katikati, kavaa shuka mbili nyeupe na viatu vya mpira! Nikafoka. Fundi akajibu uwanja hajawahi kuchora, na umati ni umati. Kabla sijamaliza, Haji Mitwalli muuza maharage akapita na mkokoteni, akapaza sauti Mungu amtakabalie mwanangu hija yake. Nilitaka kukanusha. Mdomo ukasema amina.

Jumatano, 12 Julai

Mtaa mzima unauliza atafika saa ngapi! Wanataka na zawadi ya tasbihi za Makka. Nimenunua ishirini sokoni, nikasema ametanguliza mzigo. Inshirah akaigeuzageuza yake, akauliza tangu lini Makka wanauza tasbihi za duka la shemeji yake. Nikasema biashara imepanuka. Na mimi ndiye ninayewachapa wajukuu kwa uongo.

Alhamisi, 13 Julai

Watu arobaini! Vigelegele! Wanambusu Wagdi mabegani, wanamwita Haji. Akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Kisha, mtoto niliyemlea vibaya kwa kumfundisha ukweli, akawaambia hajaenda hija, amestaafu mpira tu.

Nikatafuta pa kujificha, nami si mwembamba. Inshirah akaanza kushuka ngazi kwa raha zake, ayasikie vizuri.

Haji Mitwalli ndiye aliyecheka. Akasema, kwani nani asiyemjua Wagdi? Ile pasi ya kisigino, dakika ya tisini, kule Ismailia! Yeye aliangusha sufuria la maharage kwa furaha. Mwingine akakumbuka nyingine. Wakakaa, wakanywa chai mpaka sukari ikaisha. Mwanangu anacheka, macho yana maji. Kumbe walikuwa wanamjua siku zote. Sikuhitaji ukuta wala tasbihi. Ningenyamaza hapo.

Nikasikia sauti yangu ikitangaza kwamba timu yake nzima inakuja kumuaga, kwa mechi, kiwanjani hapa nyuma. Wagdi akaganda na kikombe mdomoni. Inshirah akauliza lini.

Ijumaa ijayo, nikasema, baada ya swala. Mje wote!