Tairi Nne kwa Ng'ombe Mmoja

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mimi ni tajiri! Bado si rasmi, lakini mbegu imepandwa. Leo nimempa Muchangi, yule muuza vyuma vikuukuu wa Runyenjes, ng'ombe wetu Kanini. Naye amenipa pikipiki ya magurudumu manne. Manne! Aliipata kwenye mnada wa mradi fulani wa wazungu uliofungwa. Tairi zake ni fupi, nene na laini, zimeumuka kama mandazi. Kijiji chetu chote cha Kanja hakina kitu kama hiki.

Mpango ni rahisi. Mvua imeharibu barabara, lori la kiwanda haliteremki tena bondeni kuchukua majani ya chai. Linaishia kwenye banda la kupimia chai, kule juu mlimani, na saa tisa kamili linaondoka. Majani yakichelewa yanaungua guniani na kumwagwa. Anayetupandishia sasa ni jirani yangu Rwamba, kwa punda wake anayeitwa Waziri. Punda! Mwaka wa tisini na saba!

Mke wangu Igoki hakushangilia. Aliuliza Kanini yuko wapi. Nikamweleza polepole. Akanikumbusha kwamba Kanini alipewa yeye na mama yake, si mimi. Kwamba Kanini yuko karibu kuzaa. Kwamba mama anakuja Jumamosi kumwona ndama. Na kwamba mama akikuta zizi tupu, yeye Igoki atamfuata hadi kwao Siakago, mimi nibaki nikipikiwa na pikipiki.

Muchangi amenipa mpaka Jumamosi jioni nibadili nia. Sina haja. Kufikia hapo nitakuwa nimepandisha chai ya kijiji kizima, na mama mkwe mwenyewe atanishukuru.

Jumanne, 4 Novemba

Rwamba alikuja kukagua. Akabonyeza tairi, kidole kikazama. Akauliza kama zimeoza. Nilikasirika sana.

Nikaenda kwa Elphas, fundi wa baiskeli, nikamwambia ajaze upepo mpaka zilie. Akasema tairi hizi zimetengenezwa ziwe laini. Nikamkumbusha kwamba yeye ni fundi wa baiskeli.

Zikalia! Ukizigonga, ngo! Nikapakia gunia moja la majani, nikawasha moto. Kila jiwe, pikipiki iliruka. Kwenye jiwe la kumi hivi gunia liliruka upande wa mto, nami nikaruka upande wa pili, nikaangukia kwenye nyasi ndefu za nepia ambazo Rwamba hulishia punda wake. Tulitazamana na Waziri, ana kwa ana. Hakuacha kutafuna.

Kosa nimelijua. Tairi ni ndogo.

Jumatano, 5 Novemba

Tairi za pikapu! Elphas alichomelea vyuma asubuhi nzima ili zishike. Alinung'unika kwamba kila moja ina uzito wa mbuzi, na kwamba gurudumu likiwa kubwa, injini inadaiwa hatua ndefu ambayo haina nguvu ya kuipiga. Maneno mengi. Trekta ina tairi kubwa. Trekta ina nguvu. Basi!

Nilipokaa juu niliona mpaka nguo zilizoanikwa kwa jirani wa tatu. Raha! Kisha mlima ukaanza. Injini ikalia, ikalia zaidi, harufu ya kuungua ikapanda, mwendo ukawa wa kinyonga. Akina mama wawili wenye vikapu vya chai mgongoni walinipita, wakanisalimu kwa heshima. Waziri akanipita pia. Yeye hakusalimu.

Nilifika bandani saa kumi. Majani ya Igoki yalikuwa yameshaungua, nikayamwaga huku karani akitazama. Jioni Igoki alinena mara moja tu, kusema zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimelala nikifikiri, nimeamka na jibu. Kama nzito zimeshindwa, dawa ni nyepesi! Tairi nne za wilbaro, lile toroli la kusukuma kwa mikono. Elphas hakubishana. Alifunga huku akiimba chinichini wimbo wa mazishi.

Kwenye uwanja wa shule pikipiki ilipaa. Nilipunga mkono. Halafu tope la mlimani. Vile vigurudumu vilizama vyote kwa pamoja, pikipiki ikalala kwa tumbo. Nikakanyaga mafuta, nikapakwa tope hadi ndani ya masikio.

Aliyenivuta ni Waziri. Rwamba alitoa sharti moja tu, nisimame bandani mbele ya wakulima wote niseme asante Waziri. Nilisema. Wa nyuma wakadai hawakusikia. Nikarudia.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimerudisha tairi za mwanzo. Elphas alitaka kupunguza upepo, nikamkataza. Magunia matatu nikayafunga nyuma, Igoki akafuata kwa miguu ili asukume.

Katikati ya mlima, mdomo wa pikipiki ukainuka. Nikiongeza mafuta, magurudumu ya mbele yanaacha ardhi na ya nyuma yanazunguka bure. Nikashika breki. Kuiachia siwezi, nitarudi mtoni kinyumenyume. Saa nane na nusu ilikuwa imepita.

Na hapo, siku nzima kabla ya siku yake, akatokea mama mkwe! Teresia mwenyewe, akiteremka kutoka barabara kuu, kiondo cha ndengu mgongoni, ukanda kwenye paji la uso.

Adabu yetu inajulikana. Ukikutana na mama mkwe unatoka njiani, unainamisha macho, humgusi, hamsemezani ana kwa ana. Lakini nitatokaje njiani na breki mkononi? Nikafumba macho. Ndiyo adabu iliyokuwa imebaki.

Yeye akageukia ua wa michongoma, akaanza kuongea nao. Akauambia ua kwamba tangu azaliwe hajaona mwanamke akipanda mlima amelalia mgongo. Mwenye mzigo huinama mbele. Akauambia kwamba mtu akiingia topeni huvua viatu, unyayo upate kutanuka. Sasa nyayo hizi nne nani amezifanya ngumu hivi? Mwishowe akauuliza ua kama Kanja bado kuna mtu mwenye akili. Ua haukujibu. Mimi nikazidi kufumba macho.

Igoki ndiye aliyesikia. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akahamishia magunia mawili mbele, juu ya chuma cha mizigo, akatoa upepo kwa kijiti mpaka tairi zikarudi kuwa mandazi. Nami nikainama mpaka kidevu kikagusa usukani.

Tukapanda! Tairi zilijitandaza juu ya tope, pole pole, bila kuteleza. Saa tisa kasoro dakika tano tulikuwa kwenye mizani. Rwamba alijifanya anakaza kamba ya Waziri. Niliwaeleza watu wote bandani ugunduzi wangu.

Lakini nyumbani mama mkwe aliuuliza mlango wa zizi Kanini yuko wapi. Igoki akamweleza yote, kisha akaanza kufunga nguo zake kwenye leso. Nilitoka nikajifanya nakagua kabeji. Niliogopa, nasema kweli. Nyumba hii bila Igoki ni nini? Hata chumvi sijui hukaa wapi.

Jumamosi, 8 Novemba

Walitoka alfajiri kwenda Runyenjes, mama na binti. Saa sita wakarudi na Kanini. Na ndama! Jike, paji jeupe. Alizaliwa jana kwa Muchangi.

Nasikia mama mkwe alimtazama Muchangi machoni, kwa sababu huyo si mkwe wake, akamwambia mwanamume hana ruhusa ya kutoa zawadi ya mkewe, na kama anabisha waitwe wazee. Muchangi hakutaka wazee. Pikipiki imebaki kwetu, naye atakuwa akipelekewa chupa ya maziwa kila asubuhi.

Igoki amefungua leso. Nilipoona sufuria yake mekoni machozi yalinilengalenga. Ulikuwa moshi pia.

Kuna sharti dogo. Anayeendesha ni Igoki. Mimi nakaa mbele, juu ya chuma cha mizigo, niwe uzito. Nilipendekeza gunia la mchanga. Mama mkwe akaliambia jiko kwamba mchanga haushuki kusukuma.

Jumatatu, 10 Novemba

Safari nne, hakuna gunia lililoungua. Wakulima wanampigia Igoki makofi. Rwamba aliniuliza hadharani nina kilo ngapi. Wivu!

Faida ya kukaa mbele ni kwamba mtu anapata nafasi ya kufikiri. Leo, kwenye kona ya pili, nimeiona kasoro yote ya wiki iliyopita. Zile tairi za pikapu hazikuwa kubwa vya kutosha! Muchangi ana mbili za trekta, za nyuma, zinanipita kwa urefu. Nimemtumia salamu. Amejibu kwamba anataka kitu kidogo tu.

Ndama bado hajapewa jina. Na kitu kisicho na jina, nani atasema ni chake? Kesho saa nne Igoki ana mkutano wa akina mama kanisani.

Kamba ninayo.