Mjukuu wa Fundi Mwinjuma

Safari aliposikia kuna Wazungu wanatafuta ufuko wa kujenga hoteli Tanga, alikumbuka papo hapo kwamba yeye ni mjukuu wa fundi mashua. Hadi asubuhi ile alikuwa mjukuu wa mkata mkonge, lakini miaka ile ya ruksa kila mtu alikuwa anabadilisha biashara. Kwa nini yeye asibadilishe babu?

Akaenda Usagara kwa Hasnain, muuza mchele na viungo, ambaye tamaa ya kuwauzia Wazungu hao ufuko ilimnyima usingizi.

"Mtaa wa Gudini, pale wanapoanika nguo, zamani ulikuwa magudi matupu ya kuundia mashua," Safari akamweleza. "Wa kwanza kupiga shoka pale ni babu yangu, Fundi Mwinjuma. Ufuko wote ule ni urithi wangu, na nauuza."

Hasnain alitoa arbuni, lakini hakuwa mjinga. "Zilizobaki utapata watu wa Gudini wakikutambua. Tena mbele yangu."

Basi wakaenda wote kwa Bi Asmahani, mkubwa wa mtaa. Safari alimchukulia doti ya khanga, ya kumlainishia kumbukumbu.

"Shikamoo, bibi. Mimi mjukuu wa Fundi Mwinjuma."

"Marahaba." Bi Asmahani alimtazama kuanzia unyweleni hadi ukuchani, akazipokea khanga, halafu akapiga kigelegele. "Njooni nyie! Damu ya Mwinjuma imerudi!"

Majirani wakamiminika. Mmoja aliapa kuwa pua ile ni ya fundi mtupu. Mzee Uweso alimkumbatia akatokwa na machozi, na Safari naye karibu alie. Hakujua kama babu yake alipendwa kiasi kile.

"Sasa mwanangu," akasema Bi Asmahani, "na ile karamu yetu?"

"Karamu gani, bibi?"

"Hee! Mjukuu wa fundi hujui? Chombo kikishushwa majini mtaa mzima tunavuta kamba, na mwenyewe anatulisha. Babu yako alishusha chake wakati wa foleni, mchele hakuna, mafuta hakuna. Tukavuta na njaa zetu. Akasema, mjukuu wangu atakuja kuwalisha."

"Na nisipolisha?" Safari akauliza.

"Basi wewe si mjukuu," Hasnain akamjibu taratibu, "na mimi nataka arbuni yangu."

Angefanyaje? Angemkana babu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemzaa? Arbuni yote iliishia kwenye mbuzi, samli na mchele. Mchele alipimiwa na Hasnain, dukani kwake, bila hata punguzo.

Ijumaa Gudini ililiwa pilau. Safari alijikaza kutafuna, akijiliwaza kwamba ufuko sasa ni wake. Bi Asmahani akamsogezea sinia.

"Kula, mwanangu. Hiki ni chombo kimoja tu. Babu yako alishusha vingi, mkono wake ulikuwa hautulii. Jumapili tutakula kile alichopeleka Pangani, halafu kile cha Mkwaja."

Safari akaomba kwenda kunawa. Alinawa moja kwa moja. Viatu vyake vikabaki mlangoni.

Hasnain, ambaye sehemu kubwa ya arbuni yake ilisharudi dukani, alilamba vidole. "Mama, hivi huyo Fundi Mwinjuma alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mimi sijui, baba," akasema Bi Asmahani, akikomba ukoko. "Nimemsikia kwa huyu huyu mjukuu wake. Lakini Mungu amrehemu, ametulisha vizuri."