Jerbili Kwenye Kikapu cha Ugali

Wenzangu wa Gesima, aibu ya leo sina pa kuiweka. Nawaandikia kabla Kemunto hajawafikia, maana mdomo wa huyo shemeji yangu hauna mlango.

Mnajua leo wakwe walikuwa waje. Wazazi wa Moraa, kutoka Ogembo, waje waone boma ambako mtoto wao ataolewa. Kijana wangu Ombati alivaa suruali ya tereleni tangu alfajiri, hata kukaa anaogopa. Na mimi tangu ndugu za marehemu mume wangu wanifukuze shambani (Nyakundi na Ongeri, nawataja, wasome wenyewe) sijapokea mgeni wa maana. Wakwe wakikataa hapa, Ombati hana boma lingine la kuwaonyesha.

Shida ililetwa na Mwalimu Dani, yule mzungu niliyekuwa nampikia kule sekondari. Alipomaliza mkataba aliniachia wanyama wake wawili wa kufuga. Wadogo, rangi ya mchanga, mkia una manyoya mpaka nchani. "Mama Ombati, wote ni dume," akaniapia. (Huyo ndiye mkosaji wa kwanza.)

Nikawaweka ndani ya sanduku la mbao la majani chai. Jana wakalitoboa kwa meno. Na "dume" mmoja tumbo limejaa! Nikawahamishia kwenye ekee, kikapu chetu cha ugali, ile ya zamani. Nikafunika, nikaiweka juu ya rafu jikoni.

Wakwe wakafika saa sita. Baba Moraa, mama Moraa, na shangazi Bosibori, anayekagua nyumba kama askari anayetafuta chang'aa. Akapitisha kidole mezani. Akakitazama. Hakuna vumbi! Moyo wangu ukacheza.

Nilikuwa nimepika kuku na mboga zetu za chinsaga, na ugali wa wimbi nimeutia kwenye ekee mpya. Nikaenda kunawisha wageni. Nikaita, "Kemunto, leta ugali!"

Akaleta. Akaweka katikati ya meza. Baba Moraa akaomba, sala ndefu, akabariki mikono iliyopika, akabariki "na vyote vilivyomo kikapuni humu". Amina! Shangazi akafunua.

Macho mawili meusi yakamtazama. Chini ya tumbo la mama, watoto watano, uchi kabisa, kila mmoja kama kidole cha mtoto mchanga. Dume wa kweli akapiga mguu chini, du du du (hufanya hivyo akishtuka), akaruka juu ya chinsaga, akapanda ile suruali ya tereleni.

Ombati akapiga yowe ambalo mwanamume anayetafuta mke hapaswi kupiga.

"Panya!" shangazi akasimama. "Mmetupakulia panya!"

Basi mimi, mwanamke wa darasa la tatu, nikaanza kufundisha. (Sijui nilipandwa na nini.) "Si panya, shangazi, ni jerbili. Jina lake lilitoka kwa Waarabu. Huko jangwani wana mnyama wa kurukaruka, wanamwita yarbuu. Wazungu wakalichukua jina, wakalipinda kwa ulimi wao, wakalifanya la udogo. Maana yake ni yarbuu mdogo."

Baba Moraa akanitazama kwa huruma. "Mama, hata Mwarabu akimwita sultani, mimi naona panya."

Kemunto akatokea mlangoni na ekee mpya, inafuka moshi. "Kumbe ugali ni huu? Mimi nilichukua iliyo nyepesi." (Mkosaji wa pili. Mvivu tangu azaliwe.)

Nikajua ndoa imekufa. Lakini shangazi alikuwa ameinama tena kikapuni. Akaona majani makavu ya migomba niliyowatandikia. Akaona mbegu za maboga.

"Nani anawalisha hawa?"

"Mimi. Asubuhi na jioni."

"Na hii ni wimbi?"

"Ni wimbi. Huyu ananyonyesha."

Akamgeukia kaka yake. "Wewe, kama kwa mama huyu panya mzazi anatandikiwa na kupewa wimbi, Moraa atakosa nini?"

Mama Moraa akaanza kucheka, baba Moraa akafuata, ndipo kuku akaliwa mpaka mifupa. Wamesema tukimaliza kuvuna twende kwao tupange siku. Mcheke pole pole, nimekubaliwa!

Na shangazi Bosibori ameomba watoto wawili wakiacha kunyonya. Nimemwapia wote ni dume.