Brauza Iliyogoma na Chumba Chenye Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi njema. Chai ya kwanza nimeinywa ofisini peke yangu, kabla mtu hajaja kuniharibia siku. Kisha nikabofya brauza, ile programu ya kompyuta ya kuingilia mtandaoni. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapotea. Kimya. Nikabofya tena. Kiduara, halafu kimya.

Mkurugenzi akaingia na habari: usajili wa mtihani wa udereva unafungwa Ijumaa jioni, na ni kwa mtandao tu. Shule yetu ya udereva ina kompyuta moja. Neno la siri la shule limo humohumo ndani ya brauza na hakuna binadamu anayelikumbuka. Kwa hiyo ni kompyuta hii au basi. Akatangaza mbele ya wafanyakazi wote, yaani mimi karani na mwalimu wa gari, kwamba atakayeifanya ifunguke atapewa kile chumba cha matairi kiwe ofisi yake.

Chumba chenye mlango. Mlango wenye kitasa! Miaka yote mimi nakaa kwenye korido, na kila anayekwenda msalani lazima anisalimie, akienda na akirudi.

Nikasema niachieni mimi, nimesomea mambo haya. Kweli nimesomea. Kozi tu ndiyo haikuisha. Mwalimu wa gari, ambaye wanafunzi wamembandika jina la Gia Tano kwa sababu hajui kwenda polepole, akacheka kwa pua.

Hatua ya kwanza hata mtoto anaijua: zima, washa. Nikabonyeza kitufe cha kioo cha kompyuta. Giza. Nikasubiri kidogo, nikabonyeza tena. Mwanga. Brauza ikagoma vilevile.

Lile boksi la kompyuta, la chini ya meza, sikuligusa. Haliguswi. Marehemu mume wa Mkurugenzi, mwanzilishi wa shule, ndiye aliyelileta, na siku aliyoliwasha lilimtesa kutwa nzima. Lilipokubali akasema lisizimwe kamwe. Tangu hapo linaunguruma usiku na mchana chini ya kitambaa cha kufuma, limeunganishwa na betri kubwa ili hata umeme ukikatika lisijue. Jioni sisi tunazima kioo tu, tunaenda zetu nyumbani. Heshima ya marehemu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na wazo. Tatizo si brauza, tatizo ni ile alama yake pale kwenye kioo. Imechoka kubofywa. Nikaitupa kwenye pipa la takataka la kompyuta, nikaiacha humo ijifikirie, nikairudisha. Haikubadilika tabia.

Basi nikatengeneza nakala. Alama nyingi za brauza, zimejaa kioo kizima. Hoja yangu: nyumba yenye milango mingi haikosi mmoja ulio wazi. Nikazibofya zote, moja baada ya nyingine, bila upendeleo. Viduara vilizunguka mpaka nikaona kizunguzungu. Sasa hata saa ya kompyuta inasogea kwa kujivuta.

Gia Tano akapita na ufunguo wa gari kidoleni, akauliza kama napanda mchicha. Mtu wa ofisini hajibizani na mtu wa barabarani.

Nyumbani mke wangu akauliza kwa nini nimenuna. Nikamweleza. Akasema si nizime tu niwashe. Nikamwambia nimeshazima na kuwasha mara nyingi kuliko anavyopika chai. Akauliza nazima nini hasa. Maswali ya watu wasiosomea. Nikageukia ukutani nikalala vizuri sana.

Jumatano, 5 Machi

Hatari. Gia Tano ameomba kujaribu. Amemwambia Mkurugenzi kwamba brauza ni kama injini iliyokunywa petroli kupita kiasi, inatakiwa iachwe ipumzike, kisha ibofywe kwa utulivu, mguu mwepesi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kukubali. Mtu anazungumzia petroli ndani ya kompyuta na anakubaliwa!

Nikachukua hatua. Walipokwenda uani kutazama gari, nikaficha mausi kwenye droo yangu. Waliporudi, mausi haipo. Gia Tano akainua karatasi, akapiga magoti, akatazama hata ndani ya kikombe changu. Akaondoka kwenda kufundisha. Hapo nikaipata mausi, kwa mshangao mkubwa. Mkurugenzi akaniangalia jicho la pembeni. Nikakohoa.

Mchana akaja mkunga. Huyu ndiye mwanafunzi wetu bora, mama mtu mzima, mtulivu, anashika usukani kama anavyoshika mtoto mchanga. Zahanati yake ina gari limekaa tu tangu dereva astaafu, na yeye amechoka kuwafikia wazazi kwa miguu huku mvua ikimnyeshea. Akipata leseni gari ni lake. Asiposajiliwa Ijumaa, atasubiri nusu mwaka. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, niende ile shule ya ng'ambo ya barabara? Bado wanaandikisha, na kompyuta yao ni nzima.

Nilitaka kusema nenda, mama. Mdomo ukasema subiri, Ijumaa haifiki hujasajiliwa. Akanishukuru. Akaniachia na karanga. Nimezila zote na kila moja imenikaba.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeacha kiburi, nimetafuta msaada kwenye simu. Wataalamu wote wanaanza na lilelile: zima, washa. Jamani, mambo mapya hamna? Nikaruka mstari huo. Wa pili ulisema nifungue orodha ya programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta, nione kama brauza imekwama humo.

Nikafungua. Lo! Jina la brauza limejipanga ukurasa mzima, mstari baada ya mstari, juu mpaka chini. Nikaruka kwenye kiti. Kumbe imefunguka! Imefunguka mara nyingi ajabu. Kila nilipobofya, ilifunguka moja huko ndani, ikakaa. Inaona aibu tu kujitokeza.

Maelezo yakasema nizifunge zote, moja moja. Nifunge? Mtu anatafuta brauza moja siku nne, amepata jeshi, halafu aliue? Nikaziacha. Nikaenda kumpa Mkurugenzi habari njema kwamba brauza inafanya kazi vizuri sana, isipokuwa haionekani. Yeye akasema kesho asubuhi ni zamu ya Gia Tano, na nisithubutu kupoteza mausi.

Nikapita kwenye chumba cha matairi. Nikafungua mlango, nikafunga, nikafungua. Kitasa kinalia vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike yote kwa utaratibu.

Mpango ulikuwa huu. Gia Tano akianza tu kugusa, mimi niwe chini ya meza nikikagua nyaya, nichomoe waya wa kioo. Giza. Aonekane ameua kompyuta. Kisha nirudishe waya na nionekane mwokozi. Mpango safi kabisa.

Asubuhi wakakusanyika. Mkurugenzi, Gia Tano, na mkunga, aliyekuja mapema na kukaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Kumwona pale kulinichoma moyo. Nikaingia chini ya meza. Huko kuna nyaya kama mizizi, zote nyeusi, zote ndugu. Nikasikia Gia Tano anavuta kiti. Nikashika mmoja, nikachomoa.

Kioo kilikufa, ndiyo. Lakini na muungurumo ukafa. Ofisi ikawa kimya hivi, kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali pale. Nilikuwa nimechomoa boksi la marehemu.

Mkurugenzi akasema kwa sauti ndogo sana, mume wangu. Mimi kule chini nikaanza kusali. Nikarudisha waya, nikabonyeza kila kilichobonyezeka chini ya kile kitambaa. Boksi likakohoa. Likanguruma. Huku juu kioo kikawaka, picha zikarudi polepole. Gia Tano, asiyejua kilichotokea, akabofya brauza mara moja, mguu mwepesi.

Ikafunguka. Kubwa, nyeupe, nzuri, kioo kizima.

Mkurugenzi alimkumbatia Gia Tano. Mimi nikatoka chini ya meza na vumbi kichwani, na nikatambua siwezi kusema neno. Nikidai nimeitengeneza mimi, wataniuliza nilikuwa nafanya nini kule. Chumba amepewa Gia Tano. Kitasa, mlango, vyote. Imeniuma, sifichi.

Nikaketi nikasajili wanafunzi. Nikaanza na mkunga. Jina lake lilipotokea na alama ya kijani, aliniomba nimsomee tena. Nikamsomea. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akanishika mkono, akasema Mungu akuweke. Nami nikafurahi kwelikweli, furaha ya tumboni, mpaka nikasahau kitasa kwa karibu nusu saa.

Jumatatu, 10 Machi

Wiki mpya, moyo mweupe. Gia Tano yumo chumbani mwake. Hakina dirisha, kinanuka mpira, na tangu asubuhi ametoka mara kwa mara kuja kupunga hewa kwenye korido yangu. Kila akipita ananisalimia.

Nimefikiri sana mwisho wa wiki, na nimelielewa jambo lote. Mke wangu anashikilia kwamba nilichomoa boksi, likazimika, likawaka upya, basi. Mawazo mepesi. Boksi kuzimika ilikuwa ajali tu, nusura ituharibie kila kitu. Kilichoponya ni kile kitufe cha kioo nilichobonyeza Jumatatu. Dawa ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, ilihitaji tu siku nne kuingia mwilini.

Nimefunga waya wa boksi kwa utepe wa gundi, raundi nyingi, asije mtu mwingine kuuchomoa.

Saa nne Mkurugenzi amesema printa haichapishi, na vyeti vya wanafunzi vinangoja. Gia Tano akakimbilia kuifungua kwa bisibisi. Mimi sikuinuka hata kidogo. Nimekizima kioo, nimekiwasha, nimemwaminisha Mkurugenzi kwamba kazi imekwisha, na nimejimiminia chai. Ijumaa itachapisha.